Sanamu Isiyo na Mikono: Uhakiki wa Bango la Gino Boccasile katika Propaganda ya Jamhuri ya Kijamii ya Italia, 1943–1945

Ikisiri

Makala hii inahakiki bango lililochorwa na Gino Boccasile mwaka 1944 kwa ajili ya propaganda ya Jamhuri ya Kijamii ya Italia, dola kibaraka iliyoundwa chini ya ulinzi wa Ujerumani baada ya Italia kusalimu amri. Bango linamwonyesha askari mweusi wa jeshi la Marekani akiikumbatia sanamu ya Venus wa Milo iliyoandikwa bei ya dola 2. Kwa kutumia mkabala wa kisemiotiki wa Roland Barthes sambamba na usomaji wa kihistoria, makala inapinga maelezo yaliyozoeleka kwamba propaganda ya dola inayoanguka ni kutapatapa tu. Inabainisha kwamba mashtaka anayotwishwa askari huyu yana asili yake katika matendo ya dola yenyewe na ya mshirika wake, barani Afrika, nchini Ugiriki na ndani ya Italia.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Methali hii humjia haraka mtu anayekutana na mabango, magazeti na hotuba za redio za dola zilizokuwa upande wa Mhimili katika miezi yao ya mwisho. Serikali imepoteza ardhi, jeshi limesambaratika, mshirika mkubwa amegeuka kuwa mtawala, na bado ukuta wa mjini umebandikwa picha mpya inayoahidi ushindi au kuonya juu ya adui wa kutisha. Ni rahisi kusema kwamba picha hiyo ni kelele za mtu anayezama, na kwamba haihitaji uhakiki bali masikitiko.

Makala hii inashikilia msimamo tofauti. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, lakini dola inayoanguka haishiki chochote tu. Hushika kile ilichokwisha kukizoea. Picha zake za mwisho hutoka katika ghala lililojazwa zamani, wakati dola hiyo ilipokuwa na nguvu, na kwa hiyo zinaweza kusomwa kama ushahidi wa kile ilichokifanya ilipokuwa na uwezo wa kukifanya. Hoja hii inathibitishwa kwa bango moja tu, kwa kuwa bango moja likisomwa kwa makini hufaa kuliko mengi yakitajwa kwa majina.

Bango lililoteuliwa linajulikana sana miongoni mwa wanahistoria wa sanaa ya vita. Limeteuliwa hapa kwa sababu nyingine pia. Anayetuhumiwa ndani yake ni mtu mweusi aliyevaa sare ya jeshi, na mtafiti anayeandika kwa Kiswahili, lugha ambayo neno lake la kumwita mtu huyo ni askari, hawezi kulitazama kama mpita njia.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943, Baraza Kuu la Ufashisti lilipiga kura dhidi ya Benito Mussolini, na siku hiyo hiyo mfalme alimwondoa madarakani na kuamuru akamatwe. Tarehe 8 Septemba 1943 ilitangazwa kwamba Italia imesalimu amri kwa Mataifa Washirika. Ujerumani ilijibu kwa kuikalia nchi. Wajerumani walimtoa Mussolini kizuizini Gran Sasso tarehe 12 Septemba, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amewekwa kuwa kiongozi wa dola mpya kaskazini, iliyokuja kuitwa Jamhuri ya Kijamii ya Italia. Wizara zake zilitawanywa katika miji kandokando ya Ziwa Garda na kwingineko kaskazini. Wizara ya Utamaduni wa Umma, iliyosimamia propaganda chini ya Fernando Mezzasoma, ilikuwa Salò, na jina la mji huo ndilo ambalo watu wengi walilitumia kuiita jamhuri nzima.

Dola hii ilikuwa ikipungua tangu ilipozaliwa. Roma ilitekwa na Mataifa Washirika tarehe 4 Juni 1944, na Florence ikafuata mwezi Agosti. Vijana walioitwa jeshini walikimbilia milimani, kiasi kwamba mwezi Februari 1944 ilitolewa amri ya adhabu ya kifo kwa waliokataa kujiandikisha. Mwezi Machi mwaka huo mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini waligoma. Tarehe 28 Aprili 1945 Mussolini alipigwa risasi na wapiganaji wa upinzani, na Mezzasoma aliuawa siku hiyo hiyo huko Dongo.

Hivyo basi, bango la mwaka 1944 halikuwa likizungumza na taifa lililokuwa likisonga mbele. Lilizungumza na watu wenye njaa, waliokaliwa na jeshi la kigeni lililojiita rafiki, na ambao wengi wao walikuwa wameacha kuiamini serikali.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, Barthes anajadili jalada la gazeti la Paris Match linalomwonyesha kijana mweusi mwenye sare akitoa saluti. Anaonyesha kwamba picha ina ngazi mbili za maana. Katika ngazi ya kwanza tunaona tu kijana anayetoa saluti. Katika ngazi ya pili, ishara hiyo nzima inachukuliwa na kufanywa kiashiria cha jambo kubwa zaidi, yaani kwamba dola ya Ufaransa ni ya haki na wana wake wote wanaitumikia kwa hiari. Ngazi hii ya pili ndiyo kisasili, na nguvu yake ni kulifanya jambo la kihistoria lionekane kuwa la kimaumbile.

Bango la Boccasile ni ndugu wa jalada hilo kwa upande wa kinyume. Hapa pia kuna mwili mweusi ndani ya sare, lakini sare haimwinui, bali inamfanya awe wa kutisha zaidi. Mtafiti anaongeza swali moja ambalo semiotiki peke yake hailiulizi kwa ukali wa kutosha, swali linalotokana na hekima ya Kiswahili kwamba nyani haoni kundule. Kila shtaka likitolewa, tumwangalie mshtaki. Je, yeye amekalia nini?

4.0 Uchambuzi wa Bango

Picha yenyewe ni nyepesi kueleza. Askari mweusi wa Marekani, ambaye sura yake imepotoshwa kwa kejeli za kibaguzi, ameuzungushia mkono wake mwili wa sanamu nyeupe ya marumaru. Sanamu ni Venus wa Milo, nusu uchi, bila mikono, kama inavyojulikana duniani kote. Andiko linalovuta macho ni bei iliyochorwa juu ya mwili wa sanamu: dola 2.

Katika ngazi ya kwanza tunaona mwanajeshi na sanamu. Katika ngazi ya pili tunaambiwa kwamba Ulaya ni mwanamke mweupe, kwamba ushindi wa Mataifa Washirika ni ubakaji na uchuuzi, na kwamba atakayeutekeleza ni mtu mweusi. Sehemu ndogo zinazofuata zinachunguza vipengele vitatu vya ujumbe huo: mwenye sanamu, bei, na mikono. Sehemu ya nne inamchunguza askari mwenyewe.

4.1 Sanamu ni ya Nani?

Mtazamaji anatakiwa aone kwamba urithi wake unaporwa. Hata hivyo, Venus wa Milo si mali ya Italia. Ilipatikana mwaka 1820 katika kisiwa cha Kigiriki cha Milos, ikapelekwa Paris, na tangu hapo ni mali ya jumba la makumbusho la Louvre. Boccasile, mwana wa nchi iliyojaa sanamu, aliteua sanamu ya Kigiriki iliyomilikiwa na Ufaransa.

Uteuzi huu una maana. Italia ilikuwa imeivamia Ugiriki tarehe 28 Oktoba 1940, na kuanzia mwaka 1941 ilishirikiana na Ujerumani na Bulgaria kuikalia nchi hiyo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941 na 1942 njaa iliua maelfu ya watu Athens na kwingineko. Ni dola hiyo hiyo, katika sura yake ya mwisho, inayojitokeza kuwa mlinzi wa mwanamke wa Kigiriki, alimradi awe wa mawe.

Aidha, sanamu ya kale ilikuwa tayari na kazi katika ghala la picha za Ufashisti. Jarida la La difesa della razza, lililoanza kutolewa Agosti 1938 chini ya Telesio Interlandi, lilibeba katika jalada lake la kwanza vichwa vitatu, na upanga ukikitenga kichwa cha sanamu ya kale na vingine viwili, kimoja cha Kiyahudi na kingine cha Kiafrika. Katika jalada lile upanga ulikuwa mkononi mwa dola, na mipaka ilikuwa salama. Mwaka 1944 upanga umetoweka, na mkono mweusi umeufikia mwili wa sanamu. Boccasile hakuhitaji kuwaeleza watazamaji wake kwa nini marumaru nyeupe na ngozi nyeusi visikutane. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka sita.

4.2 Bei ya Dola 2

Bei ina mashtaka mawili ndani yake: kwamba adui anauza sanaa, na kwamba adui anamnunua mwanamke. Yote mawili yanamrudia mshtaki.

Kuhusu sanaa, katika kiangazi cha mwaka 1944 jeshi la Ujerumani lilibeba mamia ya kazi za sanaa za Florence, zikiwemo za jumba la Uffizi, kutoka katika majengo ya mashambani yaliyokuwa yamezihifadhi, na kuzipeleka kaskazini hadi Tirol ya Kusini. Zilipatikana huko mwezi Mei 1945. Mkono uliokuwa ukihamisha urithi wa Italia wakati bango likiwa ukutani haukuwa mweusi, wala haukuwa wa adui.

Mfano wa Afrika ni mzito zaidi. Mwaka 1937 serikali ya Mussolini iliuchukua kutoka Aksum, Ethiopia, mnara wa jiwe wenye urefu wa takriban mita 24, ikausimamisha Roma karibu na Wizara ya Afrika ya Italia. Mkataba wa amani wa mwaka 1947 uliilazimisha Italia kurudisha vitu ilivyovichukua Ethiopia, lakini mnara huo ulirudi nyumbani mwaka 2005 tu. Kwa hiyo, siku ambayo mtazamaji wa Kiitalia alisimama mbele ya bango na kuogopa kwamba Mwafrika atabeba jiwe la wenyewe, jiwe la Waafrika lilikuwa limesimama Roma kwa miaka saba.

Kuhusu mwanamke, Waitalia wengi walioishi Eritrea walikuwa na desturi ya kukaa na wanawake wa Kiafrika kama wake wa muda, na wakati wa vita vya Ethiopia vya mwaka 1935 na 1936 picha za wanawake wa Kiafrika walio uchi zilizagaa miongoni mwa wanajeshi. Amri ya tarehe 19 Aprili 1937 iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5 kwa Mwitalia aliyekuwa na uhusiano wa kinyumba na mwanamke wa koloni. Sheria hiyo haikumlinda mwanamke, bali ililinda rangi. Kilichoadhibiwa ni kuishi naye kama mke, ilhali ununuzi wa mwili wake haukuadhibiwa. Boccasile anapoandika bei juu ya mwili wa mwanamke, anaonyesha kitendo ambacho koloni lilikizoea, huku akiwabadilishana nafasi mnunuzi na anayenunuliwa.

Msanii mwenyewe hakuwa mgeni wa biashara hii. Alikuwa amepata umaarufu mwaka 1937 na 1938 kwa wasichana aliowachora katika majalada ya gazeti la Le Grandi Firme, na kwa matangazo ya biashara. Alijua jinsi mwili wa mwanamke unavyouza. Bango linamlaumu askari kwa kuubandikia bei mwili ambao kalamu ya mchoraji ilikuwa imeubandikia bei kwa miaka mingi.

4.3 Mikono Mitatu

Bango hili lifaa lisomwe pamoja na lingine la Boccasile la kipindi hicho hicho, ambamo askari wa Kijerumani mwenye tabasamu anamnyooshea mtazamaji mkono, na maandishi yanasema kwamba Ujerumani ni rafiki wa kweli. Tukiyaweka mabango haya mawili pamoja tunapata mpangilio wa mikono: mkono mweusi unaoshika, mkono wa Kijerumani unaonyooshwa, na mwanamke asiye na mikono kabisa.

Mkono ulionyooshwa unahitaji kupimwa kwa matendo. Baada ya Septemba 1943 wanajeshi wa Kiitalia zaidi ya 600,000 walishikiliwa katika kambi za Ujerumani na wengi wao kufanyishwa kazi. Tarehe 12 Agosti 1944 kikosi cha SS kiliua mamia ya raia, wakiwemo watoto wengi, katika kijiji cha Sant'Anna di Stazzema. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba kulifuata mauaji ya watu wasiopungua 770 katika eneo la Marzabotto. Wapiganaji wa Kifashisti wa Kiitalia walishiriki katika ukandamizaji wa aina hii, na Boccasile mwenyewe alijiunga na kikosi cha SS cha Waitalia akiwa ofisa wa propaganda.

Kipengele kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni mwanamke asiye na mikono. Msanii aliyetaka kuonyesha mwanamke anayeshambuliwa angeweza kumchora akisukuma, akikwaruza au akikimbia. Aliteua mwili ambao hauwezi kufanya lolote kati ya hayo. Mwanamke huyu hawezi kujitetea, hivyo ni lazima atetewe. Hana kauli, hivyo dola itasema kwa niaba yake. Wakati huo huo, wanawake halisi wa kaskazini mwa Italia walikuwa wakiitumia mikono yao. Mwezi Novemba 1943 yaliundwa Milano Makundi ya Kuwatetea Wanawake, yaliyowasaidia wapiganaji wa upinzani. Wanawake walibeba barua, chakula na silaha, na waligoma viwandani mwezi Machi 1944. Mwanamke ambaye dola ilimwogopa hasa alikuwa huyu mwenye mikono, na bango likamwondoa kwa kumgeuza kuwa jiwe.

4.4 Askari wa Kuchorwa na Askari Halisi

Waitalia walikuwa na neno kwa wanajeshi weusi waliowatumikia wao: ascari. Ni neno lile lile lenye asili ya Kiarabu ambalo Kiswahili kinaliita askari. Maelfu ya Waeritrea na Wasomali walipigana kwa ajili ya Italia kwa jina hilo, pamoja na katika uvamizi wa Ethiopia. Katika picha za koloni, ascari alikuwa mwaminifu na jasiri. Hivyo mwili mweusi wenye sare haukuwa wa kutisha kwa asili yake. Uligeuka kuwa wa kutisha ulipobadilisha upande.

Mabadiliko hayo yalikuwa na kumbukumbu ya karibu. Mwaka 1941 jeshi la Kiingereza, likiwa na vikosi vya askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki na vya Afrika Magharibi na Kusini, lilivuka Somalia na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Kufikia mwisho wa Novemba, Gondar nayo ilikuwa imeanguka, na dola ya Italia katika Afrika Mashariki ikawa imekwisha. Waitalia wengi walikaa miaka iliyofuata wakiwa wafungwa wa vita nchini Kenya. Mtafiti anaona kwamba askari mweusi mshindi wa bango amebeba kumbukumbu ya kushindwa huko, ingawa amevalishwa sare ya Marekani.

Kwa upande mwingine, wanajeshi weusi wa Marekani waliopigana Italia, hasa wa Divisheni ya 92, walitoka katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Mmoja wao, Vernon Baker, alipigana karibu na ngome ya Aghinolfi mwezi Aprili 1945 kwa ushujaa ambao nchi yake ilikuja kuutambua kwa nishani yake ya juu kabisa mwaka 1997. Askari wa kuchorwa ananunua ustaarabu wa watu kwa dola 2. Askari halisi alisubiri zaidi ya miaka 50 ili thamani ya kitendo chake ikubaliwe kwao.

5.0 Hoja Pinzani

Uhakiki wa haki hauwezi kulikwepa jambo gumu. Mwezi Mei 1944, baada ya vita vya Monte Cassino, wanawake wengi wa eneo la Ciociaria, kusini mwa Roma, walibakwa na wanajeshi wa kikosi cha Ufaransa, wengi wa watuhumiwa wakiwa Wamoroko. Uhalifu huu ulitokea, na walioumizwa walikuwa watu wenye majina na vijiji. Mtu anaweza kuuliza: je, bango halikusema kweli?

Jibu ni kwamba bango halitoi ushahidi wa tukio lolote. Halitaji mahali, halimpi mwanamke uso wala maneno, na linamvika mhalifu sare ya jeshi jingine kwa sababu rangi ndiyo inayohitajika. Ushahidi husema nani alimfanyia nani nini na wapi, ili haki itendeke. Kisasili huondoa majina yote na kuacha ngozi. Zaidi ya hayo, kama dola ile ingekuwa na uchungu wa kweli kwa wanawake walioumizwa na majeshi, ingekuwa na la kusema juu ya wanawake wa Ethiopia, au wa Sant'Anna. Ukimya huo unaonyesha kwamba mateso ya wanawake wa Italia yalitumiwa tu, hayakuombolezwa. Kulikosoa bango si kukana mateso ya Ciociaria, bali ni kukataa yatwaliwe na dola iliyoyahitaji kwa kazi nyingine.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba bango la Boccasile halikuzaliwa na kukata tamaa kwa mwaka 1944. Sanamu yake ilitoka katika mafunzo ya rangi ya mwaka 1938, bei yake ilitoka katika maisha ya koloni, na hofu yake ilitoka katika kushindwa kwa mwaka 1941. Wizi wa mawe, ununuzi wa miili na mkono unaoshika ni mambo ambayo dola iliyafanya au ilimwachia mshirika wake ayafanye. Kuanguka kwa dola kulibadilisha jambo moja tu: haikuwa tena na uwezo wa kuyatenda kwa wengine, ikayachora kama mambo ambayo wengine watayatenda kwake.

Matokeo haya yana athari kwa utafiti wa propaganda kwa jumla. Mhakiki akiridhika na methali ya mfa maji, atalisamehe bango kama wazimu wa siku za mwisho, na wazimu huo utazikwa pamoja na dola yake. Lakini picha haikuzikwa. Boccasile alirudi katika matangazo ya biashara baada ya vita na kufariki Milano mwaka 1952. Mwaka 2017 chama cha Forza Nuova cha mrengo wa kulia wa kupindukia nchini Italia kilisambaza upya picha ya kipindi cha Salò, ya mwanamume mweusi akimshika mwanamke mweupe, safari hii dhidi ya wahamiaji. Miongoni mwa wahamiaji wanaoingia Italia wamo Waeritrea, Waethiopia na Wasomali, wajukuu wa watu ambao Italia ilikwenda kwao bila kualikwa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mhakiki mbele ya picha kama hii haikomi kwenye kueleza jinsi ilivyoundwa. Anapaswa pia kuurudisha mkono uliochorwa kwa mwenyewe. Mnara wa Aksum ulirudi kwao baada ya miaka 68, na shtaka lililoandikwa juu ya mwili wa Venus bado halijarudishwa kwa aliyeliandika.